Siku Uliyopanda Treni na Baba

Mama Sesilia, mama yangu wa ubatizo,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo ulivyonizoesha. Hata ukiwa na ndoo ya maji kichwani, hata ukiwa katikati ya kubishana bei ya kuku pale stesheni, shikamoo ya mtoto hukuiacha ipite. Ulisimama, ukaitika marahaba ndefu, kisha ukaulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja mpaka mtoto mwenyewe anasahau alikotumwa. Leo najua hutaitika, lakini sina namna nyingine ya kuanza kuzungumza na wewe.

Siku hizi naishi Mandewa, hapa Singida mjini, nafundisha shule ya msingi. Kiangazi kikiingia, upepo ukaanza kusukuma vumbi na asubuhi zikawa za baridi, nakumbuka Itigi yetu ya miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nakumbuka vichaka vilivyoanza pale pale nyumba zilipoishia. Nakumbuka treni ya abiria kutoka Dar ikisimama mchana, na nyinyi akina mama mkiikimbilia, wengine na asali kwenye chupa, wengine na karanga, wewe na kuku wako waliofungwa miguu wawili wawili. Mumeo marehemu alikuwa mfanyakazi wa reli, kwenye genge la matengenezo, na alipofariki hukurudi kwenu Mungaa. Ulisema umeshazoea kupimia siku kwa honi ya treni.

Baba yangu, Fundi Melki, alikuwa na cherehani barazani kwa duka moja karibu na soko. Alivushwa kutoka Burundi akiwa mvulana, ameshikwa mkono na mama yake, akakulia makazi ya wakimbizi huko Tabora, akamwoa mama yangu huko huko. Walipoona mashamba ya kule hayatoshi watu wote, walipanda treni wakashukia Itigi kwa sababu mtu aliwaambia hapo hakuna fundi cherehani. Mimi na wadogo zangu wawili tulizaliwa hapo. Nadhani baba hakujua, au hakutaka kujua, kwamba kutoka makazini bila kibali lilikuwa kosa ambalo lingemsubiri miaka yote hiyo.

Nilibatizwa nikiwa mkubwa, meno ya mbele yameshang'oka. Baba hakuwa na ndugu Itigi, kwa hiyo alikuja kwako, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, akakuomba uwe mama yangu wa ubatizo. Mama alikuwa akisimulia ulivyomjibu: "Fundi, mimi sikujaliwa mtoto. Ukinipa huyu, ujue umenipa kweli." Siku yenyewe nakumbuka mkono wako begani na maji yalivyonishtua. Nilisema kwa sauti, "Ni ya baridi," na kanisa zima likacheka. Wewe hukucheka. Ulinifuta uso kwa pembe ya kitenge chako, taratibu, kana kwamba ulikuwa umekabidhiwa uso huo saa ile ile.

Tangu hapo nikawa na nyumba mbili. Kwako ndiko nilikojifunza kupika mlenda usiokatika na kusonga ugali wa uwele. Ukiwa na hasira ulisema Kinyaturu, na ukiwa na furaha pia, nami nilijifunza kutofautisha kwa kuangalia mabega yako. Alhamisi jioni tulibeba vigoda tukaenda kusali jumuiya, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Ilipofika zamu ya kwetu, mama alipaka sakafu udongo mpya na baba alifunga cherehani mapema. Nilipenda kuona mlango wetu mdogo ukipokea watu wengi kiasi kile.

Baba alikuwa fundi wa watu wote. Alishona kanzu za watoto wa madrasa ya Shehe Omari na mashati ya kwaya yetu. Mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni na watu wakaacha kununua vitambaa, yeye akageukia kupunguza suruali za mitumba. Shehe alipenda kukaa naye barazani. Mkewe, Bi Hadija, aliuza vitumbua stesheni bega kwa bega na wewe, na nyinyi wawili mlikuwa mkigombana kila siku juu ya nani kamzibia mwenzake dirisha la behewa, halafu jioni mnarudi pamoja mkiwa mmeshikana mikono.

Uvumi ulianza mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Huko kwao baba kulikuwa na vita, wakimbizi walikuwa wanaingia nchini kwa maelfu, na kwenye redio kukawa na maneno ambayo hatukuwa tumeyazoea. Tulisikia kwamba wageni wote walio nje ya makambi watakusanywa. Mtaani watu waliendelea kumwita baba Fundi, lakini kuna mteja mmoja alikuja akachukua kitambaa chake kabla hakijashonwa. Baba alikikunja vizuri akampa.

Watu wa uhamiaji walimchukua siku ya gulio, mchana kweupe, yeye na wanaume wengine wachache. Nilikuwa darasa la nne. Niliporudi kutoka shule nilikuta cherehani imebaki barazani na nguo ya mtu ikiwa bado chini ya sindano. Mwenye duka aliniambia, "Nenda nyumbani, mama. Baba yako kapelekwa Manyoni, wilayani." Nyumbani nikamkuta mama amekaa katikati ya chumba, anafunga nguo zetu kwenye shuka. Alikuwa ameambiwa kwamba sisi tutafuatwa siku yoyote, kisha wote tupelekwe Kigoma na kuvushwa mpaka. Alikuwa anaongea Kirundi peke yake. Sisi watoto tulikuwa tunakisikia Kirundi, lakini nchi yenyewe hatukuwahi kuiona.

Ulikuja kabla jua halijazama, na jumuiya nzima nyuma yako. Hukumpa mama pole. Ulilifungua lile furushi, ukarudisha nguo kwenye kamba moja moja huku ukisema, "Mama Goreti, zamu ya kusaliwa ni yenu." Mama akakujibu kwamba leo si Alhamisi.

"Najua," ukasema. "Kesho nayo si Alhamisi. Tutakuja."

Katikati ya sala, Shehe Omari alibisha hodi. Alisimama mlangoni mpaka mkamaliza, kisha akasema maneno ambayo mama aliyarudia mpaka mwisho wa maisha yake: "Huyu bwana ndiye anayewavika wanangu kwenda msikitini. Nitakwenda Manyoni na paroko wenu kumwombea. Na huku nyumbani, muda ambao nyinyi mko shambani au kanisani, akina mama wa kwetu watakaa na huyu dada. Asibaki peke yake."

Kesho yake paroko na shehe walipanda lori moja kwenda Manyoni. Walirudi wamechoka. Walikuwa wamepokelewa kwa heshima, wamepewa viti, wamesikilizwa, na wameambiwa haiwezekani. Walichoambulia ni habari kwamba baba na wenzake watapandishwa treni ya kesho kwenda Kigoma. Na treni ya kutoka Manyoni kwenda Kigoma lazima isimame Itigi.

Mama Sesilia, stesheni ile nimeiona mara nyingi ikiwa imejaa, lakini haijawahi kujaa namna ile. Hakuna aliyekuwa anauza kitu. Wanakwaya walikuwa na mashati aliyoyashona baba, na watoto wa madrasa walikuwa na kanzu zao. Treni iliposimama tulitembea kando ya mabehewa tukichungulia kila dirisha, mpaka mdogo wangu akasema, "Yule pale." Baba alikuwa dirishani behewa la daraja la tatu, karibu na askari. Alikuwa amevaa shati lile lile alilovaa siku ya gulio. Alimtazama mama, akatutazama sisi, akajaribu kutabasamu na akashindwa.

Watu walipitisha chakula dirishani. Mama alimshika baba vidole. Mimi nilikuwa naangalia uso wa baba kwa bidii kwa sababu nilifikiri nisipouangalia vizuri nitausahau. Ndipo nikakuona wewe. Ulikuwa umevaa viatu vyako vya kanisani na umebeba kikapu, unapanda ngazi za behewa.

Afisa aliyekuwa mlangoni alikuzuia. "Mama, shuka. Humu kuna watu wa serikali."

"Nimepanda treni ya abiria, mwanangu. Mume wangu ameitengeneza hii reli mpaka mgongo ukapinda. Nipishe nikae."

"Unakwenda wapi?"

"Anakokwenda huyu."

"Ni nani wako?"

Ukamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Ni baba wa mtoto wangu."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikapita stesheni nzima. Hata mama alicheka, machozi yakiwa yanamtiririka. Yule afisa hakuelewa kinachochekesha, lakini alisogea. Ukaenda ukaketi kando ya baba, ukaweka kikapu miguuni. Shehe Omari akavua koti lake akakupitishia dirishani kwa sababu ya baridi ya njiani. Nawe ulikuwa hujawahi kufika hata Tabora, wala hukumjua mtu hata mmoja Kigoma. Bi Hadija alikimbia kando ya behewa lilipoanza kuondoka akikuuliza, "Sesilia, utarudi lini?" Nawe ukamjibu, "Nikishajua walikomweka."

Yaliyotokea nyumbani ulipokuwa safarini nilikusimulia mara nyingi, na kila mara ulitaka nianze upya. Siku ya tatu gari la uhamiaji lilisimama mbele ya nyumba yetu. Akina mama walikuwa wamejaa ndani mpaka uani, na katekista alikuwa anaongoza rozari. Afisa, kijana mwenye sare iliyonyooka, aliingia, akaona watu wamepiga magoti, akavua kofia. Akasubiri. Makumi matano yakaisha, katekista akaingia litania. Litania ikaisha, ikaja sala ya kuwaombea wasafiri, kisha ya wagonjwa, kisha ya marehemu. Kijana akawa anaegemea mguu huu na huu. Tulipofanya ishara ya msalaba alifungua mdomo kusema, na Bi Hadija, aliyekuwa amekaa kimya kwenye mkeka karibu na mlango, akasema kwa upole, "Mmemaliza? Haya, na sisi tuombe dua yetu." Akanyanyua mikono.

Ile dua nayo haikuwa fupi.

Mwishowe kijana akasema, "Akina mama, mnanichelewesha kazi."

"Hatujakufungia mlango," Bi Hadija akamwambia. "Mama wa watoto ndiye huyu. Watoto ndio hawa. Watoe hapa mbele yetu, sisi tunakutazama."

Mama alikuwa ananishika mkono kwa nguvu hata kucha zikaniingia. Afisa alimtazama mama, akatutazama sisi watatu. Akauliza jina langu. Nikasema, "Goreti. Shikamoo." Akaitika marahaba bila kutaka, akavaa kofia, akatoka. Alirudi siku nyingine, na nyingine tena, na kila mara alikuta nyumba imejaa. Siku moja waliokuwa na zamu walikuwa wanapepeta uwele tu, hakuna aliyekuwa anasali, na bado aligeuza gari. Nadhani naye alikuwa ameshachoka kuifanya ile kazi.

Ulirudi asubuhi moja na treni ya kutoka Kigoma, miguu imevimba, umevaa koti la shehe. Hukwenda kwako kwanza. Ulikuja kwetu, ukaomba maji, ukanywa, ndipo ukasema, "Yu hai. Hajavushwa." Ukatusimulia jinsi mlivyofika Kigoma na wewe ukaachwa nje ya geti la pale walipowekwa, jinsi ulivyouliza watu kanisa liko wapi, jinsi ulivyomkuta padri asiyekujua ukamwambia kuna Mkristo mwenzako amefungiwa na huondoki bila yeye kusikilizwa. Padri yule alikwenda na wewe pale getini siku hiyo, na kesho yake, na siku iliyofuata. Hawakumwachia baba. Ila wale waliokuwa na familia huku nchini hawakuvushwa mpaka, walipelekwa kambini. Wengine waliokuwa behewa moja na baba walivushwa, na hatujawahi kusikia habari zao. Uliposema hivyo ulivua viatu, ukaviweka kando, na kwa mara ya kwanza nikakuona unalia.

Mvua mbili zilipita kabla baba hajarudi. Najua wewe ulikuwa unapenda kuiruka sehemu hii, lakini mimi siwezi. Mama aliruhusiwa kubaki na sisi kwa sharti la kwenda kuripoti kila mwisho wa mwezi, na hakwenda peke yake hata mara moja. Mwezi huu alisindikizwa na mtu wa jumuiya, mwezi ujao na mtu wa msikitini. Ulimfundisha mama kuuza kuku stesheni. Bi Hadija alimgombeza kwa kumzibia dirisha, kama alivyokugombeza wewe, na siku hiyo mama alirudi nyumbani amefurahi. Wapo waliosema mnawafuga wageni. Mmoja alilisema kanisani, mlangoni, wewe ukisikia. Ulimwamkia, ukampita, na Alhamisi ukaenda kusali nyumbani kwake kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Paroko na shehe walikuwa wanakwenda Manyoni, wakitoka huko wanakwenda Singida, wanarudi, wanakwenda tena. Siku moja wazee wengi wa Itigi walipelekwa kuulizwa mmoja mmoja kama wanamfahamu Fundi Melki. Waliporudi walisema kila mmoja aliyeingia alionyesha nguo aliyovaa. Baada ya hapo kibali cha baba kuishi Itigi kikatoka.

Baba alishuka kwenye treni akiwa amekonda, mvi zimemjaa. Mdogo wangu wa mwisho hakumtambua, akajificha nyuma yako. Wewe ndiye uliyeanza kusema: "Fundi, umechelewa. Mji mzima unatembea na viraka." Baba akainama akaugusa mguu wako. Ulimvuta juu kwa ukosi wa shati na kumwambia asikufanye mzee.

Ulipofariki nilikuwa chuo cha ualimu. Mvua zilikuwa zimekata barabara na nilifika ukiwa umeshazikwa. Bi Hadija alinipeleka kwenye kaburi lako, akakaa chini kwenye udongo mbichi, akaniambia kwamba Shehe Omari alisimama pale mpaka koleo la mwisho. Sikulia siku ile. Nilikuja kulia baadaye sana, kwenye ofisi moja hapa Singida, siku tulipokabidhiwa uraia. Karani alidhani ni furaha, nami nikamwacha adhani hivyo.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikuandikie. Mama yangu naye amekufuata, huko nadhani mmeshaonana. Baba tunaye hapa kwangu. Kwa miaka yote hii hakupenda kuzungumzia safari ile. Ukimuuliza alisema tu kwamba Dada Sesilia alikoroma kutoka Tabora hadi Kigoma. Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, watoto wakiwa shuleni, akaanza mwenyewe.

Aliniambia kwamba pale getini Kigoma, kabla hamjatenganishwa, alikuuliza, "Dada, kwa nini umenifuata mpaka huku? Wangeweza kukufungia na wewe." Na wewe ukamjibu, "Goreti akiniuliza baba yake yuko wapi, nimwambie nini? Nimwambie sijui?"

Baba alimaliza kupukuchua hindi lililokuwa mkononi. Kisha akasema kwamba kule kambini, siku zilipokuwa mbaya, alikuwa na jambo moja la kujishikilia: kwamba yuko mtu anayejua mahali alipo, na mtu huyo amekwisha kumwambia mwanawe.

Mama Sesilia, sikuwahi kukuuliza. Nilikuwa mtoto, nikakuta jibu limeshaletwa kabla sijajua kuuliza. Kwa hiyo leo naomba nikujibu mimi. Baba yuko hapa Mandewa, nyumbani kwa mwanawe. Amekaa nje, amenyoosha miguu juani, mjukuu wake anamtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yamepungua nguvu. Jioni atakula mlenda. Hakuna anayemtafuta.

Lala salama, Mama Sesilia.

Mwanao wa ubatizo,
Goreti